Besi ni Silabi: Namna ya Kuunda Ngurumo za Dubstep kwa Sintesaiza za Kompyuta

Asanteni kwa kuja, ndugu zangu. Kabla sijafungua kompyuta, naomba kila mmoja aweke vidole viwili kooni, hapa chini ya kidevu. Sasa tuseme pamoja, kwa sauti nzito kadiri mnavyoweza, bila kukata pumzi: uuu-aaa-uuu-aaa-uuu. Tena, polepole. Sasa haraka. (Ukumbi unavuma.)

Vizuri sana. Mmehisi nini kwenye vidole? Koo halikubadilika. Ule mtetemo ulikuwa uleule toka mwanzo hadi mwisho. Kilichokuwa kinahangaika ni mdomo: ulifunga, ukafungua, ukafunga. Watu wa sintesaiza, yaani vyombo vya kuunda sauti kwa umeme, wana majina yao kwa mambo hayo. Koo ni osileta. Mdomo ni filta. Na mwendo wa midomo kufunga na kufungua ni LFO, wimbi la polepole ambalo lenyewe halisikiki, kazi yake ni kuzungusha nobu badala ya mkono wako. Besi ya dubstep inayowafanya watu wakunje uso kwa raha imejengwa kwa vitu hivyo vitatu. Nilichokuja kusema leo ni hiki: kabla hujagusa nobu yoyote, itamke kwanza besi yako. Usipoweza kuitamka, hujui unachotafuta, na programu haiwezi kukuambia.

Historia nitaipitia mbiombio. Muziki huu ulizaliwa kusini mwa London, hasa mtaa wa Croydon, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vijana waliichukua garage ya Uingereza, muziki wa dansi wa klabu, wakaipunguza mpaka ikabaki ngoma na besi, wakaitia mwangwi na nafasi walivyovirithi kutoka kwenye dub ya Jamaika. Wakaupiga katika usiku wa FWD>> kwenye klabu ya Plastic People, na kuanzia 2005 katika usiku wa DMZ kule Brixton. Tempo ilitulia karibu na biti 140 kwa dakika, lakini sneya, ngoma ile yenye mlio mkali, hupigwa kwenye biti ya tatu tu, kwa hiyo mwili unacheza kana kwamba ni 70. Pigeni hesabu. Kwa biti 140, biti moja ni sekunde 0.43. Kutoka kiki (ngoma nzito) ya kwanza hadi sneya kuna sekunde 0.86 za uwanja mtupu. Kwenye muziki wenye kiki kila biti, besi hupenya penye upenyo. Humu imepewa uwanja mzima, na mwenye uwanja anaweza kusema sentensi.

Mwanzoni sentensi hizo zilikuwa za chini kabisa, za kuhisiwa kifuani kuliko kusikiwa. Baadaye besi ikapanda juu ikaanza kunguruma. Sintesaiza ya kompyuta iitwayo Massive, ya Native Instruments, ilitoka 2006 na ikawa mkononi mwa karibu kila mtengenezaji. Mwaka 2010 Skrillex, mtayarishaji wa muziki wa Marekani, akaipeleka ngurumo hiyo kwa umati wa dunia nzima. Serum ikaja 2014, na 2020 ikaja Vital, ambayo ina toleo la bure linalotosha kabisa kwa yote nitakayoonyesha hapa. Asiwepo mtu wa kuniambia hana vifaa.

Sasa tufungue. Naanzia chini, kwa sababu nyumba hujengwa toka msingi.

Noti ni F ya chini, F1. Masafa yake ni hezi 43.65, yaani mitetemo 43.65 kwa sekunde. Wimbi lake hewani lina urefu wa karibu mita nane, yaani ndani ya chumba cha kulala halitoshi. Ndiyo maana mtu anayetengeneza besi katika chumba kidogo hudanganywa na kuta: akikaa hapa anaisikia, akisogea hatua mbili imepotea. Kwa besi hii ya chini natumia wimbi la sini tupu. Halina hamoniki hata moja, yaani zile sauti za juu zenye masafa mara mbili, mara tatu, mara nne ya noti; ni noti yenyewe basi. (Sauti inapigwa.) Mliokaa karibu na spika kubwa mmeihisi. Sasa naicheza kwenye spika ya simu. (Kimya.) Hakuna kitu, kwa sababu spika ndogo za namna hii chini ya hezi 200 karibu hazitoi chochote.

Lakini sikilizeni nikiongeza distoshoni, yaani kuichafua sauti kwa makusudi, kidogo. (Sauti inapigwa kwenye simu.) Imerudi! Na wengi mtaapa kwamba mnasikia F ileile ya chini. Simu haijatoa hezi 44. Distoshoni imezaa hamoniki, nyingine ziko 218, nyingine 306, zote zimepandana kwa hatua zinazotokana na noti ileile ya msingi. Sikio linaona mpangilio wa hatua, na ubongo unaiweka ile noti iliyokosekana. Jambo hili kwangu ni la kustaajabisha hata baada ya miaka yote hii: msikilizaji anaipiga besi yako kichwani mwake mwenyewe.

Na sini hii iwe mono, yaani sauti ileile moja kushoto na kulia. Hapa nasema kwa machungu. Kuna usiku nilipeleka wimbo wangu kwenye ukumbi mmoja, nikiwa nimeweka korasi, athari ya kuipanua sauti, juu ya besi yote, toka juu mpaka chini. Kwenye hedifoni ilikuwa pana, inazunguka kichwa, nzuri mno. Spika za ukumbi ule ziliunganishwa kwa mono. Wimbo ulipofika kwenye dropu, pale besi na ngoma zinapoachiwa, ngoma ziligonga na sauti za juu zilisikika, lakini chini palikuwa patupu. Upande wa kushoto na wa kulia, kule chini, vilikuwa vinasukumana kinyume. Vilipokutanishwa kwenye waya mmoja vikafutana. Nilisimama kando ya spika nikiangalia watu wanaacha kucheza. Tangu siku ile, kila besi yangu ina tabaka mbili zisizochanganyika: chini ya hezi 100 hivi, sini ya mono isiyoguswa na athari yoyote ya sterio, juu ya hapo, fanya utakalo.

Tabaka la juu sasa. Nachukua wimbi la msumeno. Msumeno una hamoniki zote: ya pili kwa nusu ya nguvu, ya tatu kwa theluthi, ya nne kwa robo, hivyohivyo mpaka juu. Ni gogo la mbao ambalo bado halijachongwa. Wimbi la mraba lina hamoniki za hesabu witiri peke yake, ndiyo maana linasikika kama lina tundu katikati. Kwa wobu ya kawaida, yaani besi inayoyumba, napenda msumeno. Naupitisha kwenye filta inayoruhusu sauti za chini na kukata za juu, kisha naiambia LFO isogeze mahali filta inapokatia. Kwa tempo yetu, LFO ikizunguka mara moja kwa kila biti ni mizunguko 2.33 kwa sekunde. Ikizunguka kwa nusu biti ni 4.67. Ikizunguka mara tatu ndani ya biti moja ni 7 kamili, na hapo ndipo besi inapochechemea kwa utamu. (Sauti inapigwa.) Mnaisikia: wa, wa, wa, wa-wa-wa, waaa.

Dada pale nyuma ameinua mkono. Karibu.

(Swali kutoka ukumbini: "Mwalimu, mimi ya kwangu nimeifanya hivyohivyo, lakini inasikika kama mtu anafungua na kufunga mlango. Haisemi kitu.")

Dada yangu, umelieleza tatizo vizuri kuliko ambavyo ningelieleza mimi. Filta moja ni mlango mmoja. Mdomo wako una vyumba viwili: kimoja nyuma ya ulimi, kimoja mbele yake, na kila kimoja kina mvumo wake. Ulimi ukisogea, vyumba hivyo vinabadilishana ukubwa. Kwa sauti ya mwanaume mtu mzima, tukisema u, mvumo wa kwanza uko karibu na hezi 300 na wa pili karibu na 800. Tukisema a, wa kwanza uko karibu na 700 na wa pili 1,200. Tukisema i, wa kwanza unarudi 300, lakini wa pili unaruka mpaka 2,300 hivi.

Tazameni namba hizo vizuri, maana humo ndimo mna somo zima. Kutoka u kwenda a, mivumo yote miwili inapanda. Filta ya mlango mmoja ikifunguka inafanya jambo linalofanana na hilo, kwa hiyo kila mtu anaweza kutengeneza besi inayosema "wa". Lakini chukueni neno "yai". Litamkeni polepole: i-a-i. Mvumo wa kwanza unapanda toka 300 hadi 700 na kurudi. Wa pili unafanya kinyume, unashuka toka 2,300 hadi 1,200, halafu unapanda tena. Viwili vinakwenda kinyume! Hakuna mlango mmoja duniani unaoweza kufunguka na kufungwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wobu yako inasema "wa" usiku kucha na haisemi "ya" hata mara moja.

Kwa hiyo nafanya hivi. Katika Vital kuna filta mbili. Naziweka sambamba, moja isiingie ndani ya nyingine. Zote mbili nazigeuza ziwe za kupitisha utepe mwembamba tu wa masafa, na rezonansi naipandisha mpaka utepe uanze kuvuma. Ya kwanza naiweka 300, ya pili 2,300. Sasa LFO moja tu. Naiunganisha na ya kwanza kwa kwenda juu, na ileile naiunganisha na ya pili kwa kwenda chini. (Sauti inapigwa. Ukumbi unacheka kwa furaha.) Yai, yai, yai. Imetamka. Sisi wa lugha yenye irabu tano safi, ambazo kila moja inakaa mahali pake bila kuyumba, tuna bahati kubwa katika kazi hii. Andikeni besi zenu kwa irabu. Mwenye besi ya "ua" ajue mivumo yote inapanda. Mwenye "oi" ajue wa pili ndiye msafiri mkuu. Vital pia ina filta ya kuiga irabu iliyokwisha kutengenezwa, na mnaweza kuitumia, ila aliyezijenga mbili kwa mkono wake anajua afanye nini siku besi ikigoma kusema.

Kuna njia nyingine ya kufika kwenye ngurumo, nayo ni FM, yaani kutikisa masafa (frequency modulation). John Chowning aliigundua katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, na Yamaha wakaiuza kwa dunia kupitia DX7 mwaka 1983. Humu hatuchongi gogo, tunaliotesha. Osileta moja inatikisa masafa ya nyingine kwa kasi kubwa sana, na kila inavyotikisa kwa nguvu, hamoniki mpya zinachipuka. Nina sini mbili hapa. Zikiwa kwenye masafa sawa, zinachipua hamoniki zote na sauti inajaa. Yule mtikisaji nikimpandisha oktavu moja, zinabaki za witiri tu, na sauti inakuwa na lile tundu la wimbi la mraba. Nikimweka kwenye uwiano usio kamili, tuseme 1.41, inakuwa kengele au chuma kinachogongwa, na noti yenyewe inapotea.

Kosa ninalolisikia mara nyingi ni mtu kutafuta kiasi kimoja cha FM kinachosikika vizuri na kukiacha hapohapo. Hiyo ni sauti iliyoganda. Ngurumo inatokea pale kiasi hicho kinaposafiri. Naunganisha envelopu, mchoro wa kupanda na kushuka kwa kila noti: ianze sifuri, ipande kwa haraka ndani ya robo biti, ishuke polepole. (Sauti inapigwa.) Sasa naipitisha kwenye zile filta zetu mbili za "yai". (Sauti inapigwa.) Huyo sasa ni mnyama. Msumeno ulikuwa unatamka, huyu anakoroma huku akitamka, kwa sababu koo nalo limeanza kubadilika pamoja na mdomo.

Sitaki kuondoka bila kugusa besi ya Reese, maana ndiyo bibi wa nyingi kati ya hizi. Ilitoka Detroit, kwa Kevin Saunderson, katika wimbo aliotoa 1988 kwa jina la Reese. Ni misumeno miwili iliyopishana tuni kidogo, basi. Tuseme imepishana kwa senti 10, sehemu ya kumi ya nusu toni. Kwenye F yetu ya hezi 43.65, tofauti hiyo ni robo ya hezi, kwa hiyo noti ya msingi inavimba na kunywea mara moja kila sekunde nne. Lakini hamoniki ya kumi inavimba na kunywea mara 2.5 kwa sekunde, na ya ishirini mara 5. Kila hamoniki ina mwendo wake! Ndiyo maana Reese inasikika hai hata pasipo LFO, kama maji yanayozunguka ndani ya chungu. Na ndiyo sababu ya pili ya kuikata chini na kuiwekea sini tulivu: ukiiacha noti ya msingi ya misumeno ile miwili, kila sekunde nne besi yako itatoweka kabisa, na huwezi kuchagua itatoweka kwenye biti ipi. Katika Serum kuna nobu iitwayo Rand kwenye kila osileta, inayofanya wimbi lianze mahali tofauti kila unapopiga noti. Kwa besi, ishusheni mpaka sifuri, ili kila pigo liwe na uzito uleule.

Distoshoni sasa, na swali ambalo huniletea ujumbe mwingi: iwe kabla ya filta au baada? Zote mbili ni sahihi, ila zinasema mambo tofauti. Ikiwa kabla, filta inachonga sauti iliyokwisha kuchafuka, na utamkaji unakuwa wazi. Ikiwa baada, filta inapofunguka inaisukuma distoshoni kwa nguvu zaidi, na besi inavunjika pale inapofungua mdomo, kama mtu aliyekuwa anajizuia. Mimi huweka kidogo kabla na kidogo baada. Jambo la kushikilia ni noti moja kwa wakati. Ukipitisha noti mbili pamoja kwenye distoshoni kali, zinazaa jumla na tofauti zao, noti ambazo hukuzipiga, na huko chini panakuwa matope.

Mkishapata sauti mnayoipenda, msiikumbatie. Irekodini. Tabaka lile la juu ligeuzeni kuwa faili la sauti, dakika tatu au nne za nobu zikizungushwa kwa mkono, bila mpango. Kisha sikilizeni mkiwa na mkasi. Ndani ya dakika hizo nne kutakuwa na vipande labda sita vinavyosema kitu. Vikateni, vibadilisheni mwendo, vigeuzeni nyuma mbele, vipitisheni tena kwenye filta na distoshoni, mrekodi tena. Sauti nyingi ambazo watu hutafuta jina la priseti yake, yaani mpangilio wa nobu uliohifadhiwa tayari, hazina priseti. Zimepita njia hii mara tatu, mara nne. Nami naipenda hatua hii kuliko zote, kwa sababu nobu haziwezi kurudishwa tena. Unaacha kurekebisha, unaanza kuchagua.

(Swali kutoka ukumbini: "Mwalimu, na kompresa ya kubana kila kitu, ile ambayo kila mtu anaitumia?")

OTT unaisemea, kijana wangu. Ni kompresa ya tabaka tatu, inasukuma chini palipopanda na kuinua palipozama, kwa hiyo kila punje ya sauti inakuja mbele. Itumie kwa theluthi ya nguvu yake, na usiiguse sini ya chini. Ukiiweka yote, irabu zako ulizozihangaikia zinasawazishwa, a na u zinakuwa na nguvu moja, na besi inaacha kutamka.

Tumalizie kwa kuziweka pamoja. Hapa nina biti nne. Kwenye biti ya kwanza kiki na sini. Kisha besi ya "yai" mara mbili, kipande cha FM kilichogeuzwa nyuma mbele, halafu sneya, halafu "waaa" ndefu inayoshuka. (Sauti inapigwa.) Ina nguvu, lakini mnasikia inavyosema bila kupumua? Mtu akiongea hivyo hata ndugu yake hamsikilizi. Sasa natazama pale kabla ya sneya. Hicho kipande kilichogeuzwa ni kizuri, kimenichukua jioni nzima. Nakifuta. Nafuta na sini chini yake, nusu biti nzima, patupu kabisa.

Sikilizeni tena.

(Sauti inapigwa.)